Sange na Ladha Isiyopatikana

Natupa mbegu!

— Tupa, ardhi ipo!

Natupa tena!

— Tupa, mvua ipo!

Isipoota je?

— Kaifukua kanga!

Haya. Mmeitikia vizuri, ila wewe Sikudhani umeitikia huku unapiga mwayo, nimekuona. Uweke huo mwayo, tutauhitaji mwishoni. Kunde ziko jikoni, zimeshatiwa tui, zinachemka taratibu. Ni kunde mpya, za kwanza msimu huu. Mmezipalilia wenyewe, mmezichuma wenyewe, mmezimenya wenyewe, na hakuna atakayezigusa mpaka ngano iishe. Atakayetazama chungu badala ya kunitazama mimi shangazi yenu niliyekuja kuwatembelea, atahama akakae kule kwenye moshi.

Hapo kale, wanyama walikuwa wakilima bustani. Mwenye mikono alilima kwa mikono, mwenye pua alilima kwa pua. Na aliyewashinda wote kwa bustani alikuwa Sange.

Sange mnamjua? Yule mdogo, mwili wake kama kiatu cha mtoto, pua ndefu haitulii hata kidogo, anakimbia chini ya majani makavu, pwaka pwaka pwaka. Ndiye huyo. Bustani yake ilikuwa kwenye kona ya mto, mahali penye udongo mweusi, na njia zake zilikuwa safi, kwa sababu Sange hawezi kuona jani limelala njiani akalipita.

Mwaka wake ulikwenda hivi. Kiangazi alifagia majani, akayarundika yaoze. Mvua ikinukia tu, alichimba. Masika alipanda mchicha, bamia na maboga. Kipupwe alipalilia na kuvuna. Vuli alipanda kunde. Halafu anaanza tena.

Kila asubuhi, kabla ya kutia kitu tumboni, Sange aliizunguka bustani. Akiona mche umechomoza, aliinama akausalimu: "Umeamkaje?" Mche haukujibu, naye hakukasirika. Mchana jua likiwa kali, alijilaza chini ya jani la boga akapanga mambo yake. "Mwakani bamia nitazihamishia kule juani. Mwakani nitaweka fito, kunde zitambae. Mwakani nitachimba kamfereji." Kila mwaka mipango mikubwa, na kila mwaka bustani ni ile ile. Aliyewahi kulima anajua ninachosema, na asiyewahi kulima anyamaze.

Sasa, wanyama wale walikuwa na desturi ya limbuko. Zao la kwanza haliingii kwanza mdomoni mwa aliye na shamba. Hapana. Mwenye shamba halimbui. Anampa mwingine aonje, mgeni au mkubwa. Yule mlimbuaji anaonja kidogo, anasema, "Nimepata ladha, kuleni." Ndipo mwenye shamba anakula, na majirani wanakula. Asiposema, hakuna anayekula. Ilisemwa kwamba mwenye shamba akijilimbulia mwenyewe, mbegu zitamsusia, hazitaota tena. Kweli au uongo sijui, ila hakuna aliyetaka kujaribu.

Desturi nzuri, sivyo? Tatizo lilikuwa Kiboko.

Masika yalipoelekea mwisho, mchicha wa Sange ukawa tayari, laini, majani mapana. Sange akawa anafikiria nani amwite kulimbua. Mara ardhi ikatikisika. Ti! Ti! Ti! Maji yakachuruzika, chururu chururu. Kiboko huyo, ametoka mtoni na tope mgongoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mchicha umekuwa?"

"Umekuwa, Mzee."

"Mlimbuaji nani?"

"Nilifikiri kumwita jirani yangu Kanga."

"Kanga! Mkubwa wa mto huu ni nani?"

"Ni wewe, Mzee."

"Basi. Desturi ni desturi."

Kiboko akafungua kinywa. Fyaka! Fyaka! Fyaka! Tuta zima likaondoka, na mizizi yake, na udongo kidogo.

Sange akauliza kwa adabu, "Mzee, umepata ladha?"

Kiboko akafumba macho, akafikiri, akalamba mdomo. "Sijapata ladha vizuri."

"Lakini Mzee, tuta limekwisha!"

"Nilikuwa naitafuta ladha. Ilikuwa karibu. Labda iko kwenye tuta la pili."

Akaenda tuta la pili. Fyaka! Fyaka! Fyaka! Akaenda la tatu. Mchicha ukaisha bustani nzima. Kiboko akasema, "Bado sijaipata," akarudi mtoni, chubwi!

Sange akala vijani vilivyoanguka chini. Na hivyo navyo alivila kwa wizi, maana limbuko lilikuwa halijaisha.

Zikaja bamia. Ti! Ti! Ti!

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bamia zimekuwa?"

"Zimekuwa, Mzee."

"Mkubwa wa mto huu ni nani?"

"Ni wewe, Mzee."

"Desturi ni desturi."

Fyaka! Fyaka! Fyaka! Ute wa bamia ukamning'inia Kiboko kidevuni mpaka chini.

"Mzee, umepata ladha?"

"Sijapata ladha vizuri. Ilikuwa karibu. Labda iko kwenye mashina."

Akala na mashina.

Hayo yote Sange aliyavumilia. Mchicha huota tena, bamia huota tena, mbegu zake kila mtu anazo. Lakini kulikuwa na boga. Sogeeni hapa, boga ndilo lenyewe.

Boga hilo lilikuwa la mama yake Sange. Mama alikuwa amekwisha kufa, akaacha mbegu. Lilikuwa boga la ganda la kijivu, ndani njano iliyokolea, ukilipika hutii sukari. Mto mzima hakuna mwingine mwenye mbegu ile. Na msimu uliopita Kiboko alilimbua maboga yote, akayameza na mbegu zake. Kibuyuni zilibaki mbegu chache tu, kuukuu. Mbegu ikikaa sana hufa, hata uifunge vipi. Kwa hiyo Sange hakuwa na la kufanya. Msimu huu alizipanda zote.

Akasubiri. Kila asubuhi anakwenda, anainama, udongo mtupu. Anakwenda, anainama, udongo mtupu. Halafu asubuhi moja, mche mmoja. Mmoja tu, umeinamisha kichwa, ganda la mbegu bado limeung'ang'ania. Sange alifurahi akasahau kula mpaka jioni. Aliusalimu ule mche, akaurudia kuusalimu, kisha akakaa kando yake akalia kidogo kwa sababu alimkumbuka mama yake.

Mche ukatambaa. Ukatoa maua. Likashika boga moja. Likawa kama ngumi, likawa kama nazi, likaendelea. Boga hilo likiliwa na mbegu zake, basi, boga la mama halipo tena duniani.

Na Kiboko akaliona.

"Boga hilo," akasema kutoka majini, macho na masikio tu juu, "kikonyo kikikauka, nitakuja kulimbua. Natumaini safari hii ladha itapatikana."

Chubwi! Akazama.

Sange akaketi chini ya jani la boga akalia kweli kweli. Akaja jirani yake Kanga, anaparua udongo huku na huku, kwaru kwaru, kama kawaida yake hawezi kupita bustani ya mtu bila kuparua.

"Mwenzangu, unalia nini?"

"Boga la mama. Kiboko anakuja kulilimbua."

"Lo! Basi limekwisha. Pole mwenzangu. Lakini utafanyaje? Desturi ni desturi. Mimi mwenyewe mtama wangu umekomaa, nauangalia tu. Natamani hata punje moja, siwezi. Mwenye shamba halimbui."

Pua ya Sange, ambayo haijawahi kutulia tangu azaliwe, ikatulia.

"Rudia hilo la mwisho."

"Lipi? Mwenye shamba halimbui? Kwani hulijui?"

"Nalijua," Sange akasema. "Nilikuwa silitumii. Njoo nami mtoni, na uje na hiyo sauti yako."

Wakaenda mtoni. Sange akasimama ukingoni, akasafisha koo.

"Shikamoo, Mzee!"

Kiboko akatoa pua. Pruuu! "Marahaba. Kikonyo kimekauka?"

"Bado, Mzee. Nimekuja kuomba radhi. Wapita njia wananiuliza, bustani nzuri hii ni ya nani? Mimi kwa ujinga wangu najibu, ya Sange. Usiku silali kwa aibu. Hebu nisaidie, Mzee. Maji yanayoinywesha bustani ni ya nani?"

"Yangu," akasema Kiboko.

"Udongo ule mweusi, ulioletwa na mto, ni wa nani?"

"Wangu."

"Ukungu wa asubuhi unaolowesha majani, unatoka wapi?"

"Kwangu."

"Basi bustani itakuwa ya nani, Mzee?"

Kiboko akafikiri. Kichwa chake ni kikubwa, kwa hiyo wazo lilichukua muda kufika upande wa pili. Lilipofika, macho yakamng'aa.

"Kumbe yangu!"

"Sema kwa nguvu, Mzee, Kanga hasikii vizuri."

"YANGU! BUSTANI NI YANGU!"

Kanga huyo, mbio, mabawa juu: "Ya Kiboko! Ya Kiboko! Bustani ya Kiboko! Ya Kiboko!" Akazunguka mto mzima. Nungunungu akasikia, Ngiri akasikia, nyani wakasikia, hata kobe ndani ya nyumba yake akasikia. Sange akasuka koja la maua ya maboga mwitu, akamvalisha Kiboko. Kiboko akajitazama majini, akajipenda.

"Hongera, Mwenye Bustani," Sange akasema. "Sasa bustani yako ina kiu."

"Ina kiu?"

"Ina kiu, na mwenyewe ni wewe. Wapita njia watasema, Mwenye Bustani gani huyu, boga lake limenyauka?"

Kiboko hakutaka kusemwa. Akajaza maji mdomoni, akapanda ukingoni. Ti! Ti! Ti! Akamwaga. Bwaaa! Mfereji aliopanga Sange miaka yote ukachimbika kwa mara moja.

Asubuhi nyingine: "Mwenye Bustani, Ngiri ameonekana karibu na boga lako." Kiboko akatoka mbio, akamfukuza Ngiri mpaka kilimani. Asubuhi nyingine: "Mwenye Bustani, udongo wako umechoka, unataka mbolea." Hilo Kiboko hakuhitaji kufundishwa. Akageuza makalio kwenye bustani, akazungusha mkia. Fururu! Fururu! Fururu! Kila tuta likapata haki yake. Sange alijificha chini ya jani, na Kanga, aliyechelewa kujificha, madoa yale meupe hayajamtoka mpaka leo.

Msicheke sana, tui litafurika.

Boga likanenepa. Likawa kama mtungi, likawa kama kiti. Sange alilitia majani makavu chini lisioze, akalipigapiga kwa kidole. Du, du. Bado. Du, du. Bado. Mpaka siku moja akaligonga, likaita vizuri, na kikonyo kikawa kikavu kama kamba kuukuu.

Wanyama wakaitwa wote. Kiboko akaja na koja lake, limenyauka lakini alilivaa. Akasimama mbele ya boga, akafungua kinywa, aaaaa!

"Mzee," akasema Sange, "unafanya nini?"

"Nalimbua," akasema Kiboko, kinywa wazi.

"Samahani, nimesahau kidogo. Jamani, bustani hii ni ya nani?"

"Ya Kiboko!" wakaitika wote. Kanga aliitika mara nyingi kuliko wengine.

"Na mwenye shamba hulimbua?"

Nungunungu akakohoa.

"Halimbui," akasema kobe.

Kiboko akabaki na kinywa wazi. Kisha akakifunga polepole. Kwap. Alitaka kusema kitu, lakini kila alichotaka kusema kilianza na "desturi ni desturi", na hilo lilikuwa limeshasemwa, tena na yeye mwenyewe, mbele ya watu, miaka yote. Na zile mbegu zikimsusia? Bustani sasa ilikuwa yake. Alitaka ya mwaka huu, na ya mwakani, na ya miaka yote ijayo.

Akawatazama wanyama. Hakuwa mjinga kabisa. Akaona Ngiri, tumbo lile! Akamwona nyani, na nyani ana jamaa wengi. Akaona Nungunungu, anatafuna tangu asubuhi. Alitaka mlimbuaji mwenye tumbo dogo, aonje kidogo sana, boga libaki. Macho yakashuka, yakashuka, mpaka chini kabisa kwenye majani.

"Wewe Sange! Utalimbua wewe."

"Mimi, Mzee?" Sange akarudi nyuma. "Mimi nani? Sistahili."

"Nimesema wewe. Bustani ni yangu, nampa nimtakaye. Haya, onja upesi useme umepata ladha."

"Ukisema wewe, Mzee, nani atakataa?"

Boga likapasuliwa. Ndani njano, inang'aa, imekolea. Sange akaingia ndani, pua mbele. Kitu cha kwanza akatoa mbegu, moja moja, akazianika juu ya jiwe.

"Unafanya nini na hizo?" Kiboko akauliza.

"Mbegu zinaziba ladha, Mzee. Lazima zitoke kwanza." Na sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa sababu mbegu zilikuwa nono, nyeupe, nyingi, zote za mama.

Kisha akaonja. Nyem nyem nyem. Akafumba macho. Akafikiri. Akalamba mdomo.

"Umepata ladha?" Kiboko akauliza.

"Sijapata ladha vizuri."

Wanyama wakatazama chini. Kanga akajiziba mdomo kwa bawa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena.

Kesho yake Sange akaonja tena. Nyem nyem nyem. "Bado, Mzee." Keshokutwa akaonja. "Bado, Mzee." Kipande kingine alikibeba nyumbani, akisema huenda ladha inaogopa watu. Boga likapungua, likapungua, likabaki ganda. Kiboko akasimama juu ya lile ganda, mate yanamtoka.

"Lakini Sange, umelimaliza lote!"

"Nilikuwa naitafuta ladha, Mzee. Ilikuwa karibu. Labda iko kwenye boga lijalo."

Vuli ikaja, kunde zikawa. Sange akaonja, hakupata ladha vizuri. Masika yakaja, mche wa boga ukachomoza, na mwingine, na mwingine, safu nzima, yote imeinamisha vichwa. Sange akapita akiisalimu yote, asubuhi nzima ikaishia hapo. Mwenye Bustani akaleta maji, bwaaa! Mwenye Bustani akaleta mbolea, fururu! Maboga yakawa, Sange akaonja, bado.

Majirani nao walikuwa na macho. Kanga akamwendea Kiboko, "Mzee, na shamba langu la mtama ni lako." Kiboko akafurahi. Nungunungu akampa mihogo. Nyani wakampa migomba. Kila shamba Kiboko akajichagulia mlimbuaji, na kila mara akachagua aliye mdogo kabisa, ili aonje kidogo kabisa. Wakaonja watoto wa Kanga, wakaonja watoto wa Nungunungu. Ladha haikupatikana. Kiboko akawa mwenye mashamba yote ya mtoni, na hakuna aliyelala njaa isipokuwa yeye. Akawa anakula nyasi za ukingoni, maana nyasi hazipandwi na hazina limbuko.

Mpaka leo anasubiri. Sikudhani, sasa ule mwayo wako, upige! Eee, hivyo hivyo. Mkimwona Kiboko mtoni anafungua kinywa kikubwa, aaaaa, mpaka meno ya nyuma, msidhani ana usingizi. Kinywa kiko tayari. Anasubiri Sange aseme kuleni.

Basi, funzo. Ngano haiwezi kukosa funzo, mama zenu wataniuliza. Funzo ni hili: watoto, msiwe kama Sange! Mkubwa akisema kitu ni chake, mwachieni. Kuchelewesha chakula cha watu ni tabia mbaya sana. Anayepewa aonje, aonje kidogo, aseme kweli, awape na wenzake. Mmesikia?

— Tumesikia!

Nimevuna, nimefunga ghala. Aliyesikia achukue mbegu, aliyesinzia achukue makapi.

Haya, leteni ule upawa, na kile chungu kiepueni, taratibu. Kunde hizi ni za nani?

— Zetu!

Nani alizipalilia?

— Sisi!

Semeni kwa nguvu, jirani hajasikia.

— ZETU!

Vizuri sana. Basi ninyi kaeni pale, mwenye shamba halimbui. Mgeni hapa ni mimi.

Mmh. Ngojeni.

Mmh.

Sijapata ladha vizuri.